Kuacha na Kutelekeza

Mwanzoni mwa filamu ya Dunkirk ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2017, askari wawili vijana wanamkuta majeruhi amelazwa kwenye machela ufukweni. Hawamjui. Wanaibeba ile machela na kukimbia nayo katikati ya maelfu ya wanaume waliopanga foleni, na foleni inawapisha. Wanaume wazima wanaoogopa kufa wanasogea pembeni, kwa sababu majeruhi hutangulia. Wale vijana wawili si matabibu. Wanataka kuondoka tu, na yule majeruhi ndiye tiketi yao. Wanafika melini, wanamkabidhi, kisha wanaamriwa kushuka. Muda si mrefu ndege zinaishambulia meli ile, na waliolala ndani yake hawana pa kukimbilia.

Wengi niliowasikia wakiizungumzia filamu hiyo hubishana kuhusu wale vijana: walikuwa wajanja au walikuwa wabaya? Mimi nilibaki na swali la foleni. Kwa nini iliwapisha? Na je, katika vita vyenyewe, foleni iliendelea kuwapisha majeruhi hadi mwisho?

Haikuendelea. Siku za mwisho utaratibu uligeuzwa juu chini: wazima watangulie, majeruhi wasioweza kutembea wabaki. Nataka tuutazame uamuzi huo kwa utulivu, maana ni rahisi kuulaani ukiwa umekaa kwenye kiti, na ni rahisi vilevile kuutetea ukiwa na miguu miwili mizima.

Mwishoni mwa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamewabana askari wa Uingereza na washirika wao kwenye kipande cha pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, kuuzunguka mji wa bandari wa Dunkirk. Ng'ambo ya bahari, mjini Dover, Admirali Bertram Ramsay alipewa kazi ya kuwatoa. Mwanzoni ilitarajiwa kwamba wangeokolewa labda watu 45,000 katika siku mbili. Kuanzia jioni ya 26 Mei hadi 4 Juni waliokolewa 338,226. Gati za bandari zilikuwa zimeharibiwa kwa mabomu, kwa hiyo wengi wao walipandia kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi upande wa mashariki wa bandari. Ukuta huo ulienda baharini zaidi ya kilomita moja, na juu yake kulikuwa na njia nyembamba ya mbao. Haukujengwa kwa ajili ya meli kufunga kamba wala kwa ajili ya watu kupanda.

Sasa iweke machela kwenye njia ile. Mtu aliyelala huchukua nafasi ya watu kadhaa waliosimama, na hata akishafika melini hawezi kubanwa pembeni kama mzima anavyobanwa. Anahitaji wabebaji, na wabebaji huenda polepole. Maji yakikupwa, sitaha ya meli inakuwa chini sana kuliko ukuta, na machela inabidi iteremshwe kwa mikono. Dakika zote hizo meli imesimama, na meli iliyosimama ndiyo ndege ya adui inayoitafuta. Siku moja tu, 1 Juni, manowari kadhaa zilizamishwa, zikiwemo Keith, Basilisk na Havant za Uingereza, na Foudroyant ya Ufaransa. Baada ya siku hiyo kazi ya kuwatoa watu ikahamishiwa usiku, na saa za usiku wa Juni katika nchi zile ni chache mno.

Hesabu yake haina siri. Ukipakia machela, unaokoa wachache kwa muda mrefu. Ukipakia waliosimama, unaokoa wengi kwa muda mfupi. Na Uingereza iliwataka wale wengi, kwa sababu ilitarajia kuvamiwa wakati wowote, na bila wao isingekuwa na jeshi la kuilinda.

Hapa yako maswali mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. La kwanza: nani anaihitaji meli zaidi? La pili: vita vinamhitaji nani zaidi? Kwa swali la kwanza jibu ni majeruhi. Askari mzima akiachwa atatekwa, atakaa kambini miaka kadhaa, na huenda akarudi kwao. Mwenye tumbo lililopasuliwa na chuma akiachwa anaweza kufa kesho kwa kukosa maji, dawa na mkono wa kumgeuza. Kwa swali la pili jibu ni mzima, kwa sababu mwezi ujao mzima atashika bunduki na majeruhi hataweza.

Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, alilijibu swali la kwanza zamani. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza, bila kutazama cheo chake. Jenerali aliyekwaruzwa amngoje mpiga ngoma aliyevunjika paja. Kanuni hiyo ni ya tabibu: inamtazama mtu na jeraha lake, basi. Kamanda hutazama kitu kingine. Yeye hawezi kujifanya hajui kwamba nyuma ya foleni ile ipo nchi nzima yenye watoto na wazee. Nikisema kamanda alikosea kwa sababu hakufikiri kama tabibu, nitakuwa nimemwonea. Nikisema alipatia, nitakuwa nimempa ruhusa ambayo sijui itaishia wapi. Leo inamwacha asiyeweza kutembea. Kesho itamwacha nani?

Lakini amri ya Dunkirk ilikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa kila majeruhi 100 watakaobaki, ilisema, abaki afisa mmoja wa tiba na watu 10 wa kuwahudumia.

Nje kidogo ya mji, mahali paitwapo Rosendaël, jumba kubwa lilikuwa limegeuzwa kituo cha majeruhi. Kulikuwa na watu wa machela wapatao 230. Kwa hesabu ya amri ile, walitakiwa kubaki maafisa 3 na askari 30. Alasiri ya 1 Juni majina ya maafisa yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia, na padri wa kikosi akawa anachota moja moja. Waliotoka mwanzo wangeondoka, na watatu wa mwisho wangebaki. Jina lililotoka mwisho kabisa lilikuwa la Meja Philip Newman, daktari mpasuaji.

Newman akabaki. Wajerumani walipofika alichukuliwa mateka pamoja na wagonjwa wake. Mwaka 1942 alitoroka na kurudi kwao, na miaka 20 baadaye, mwaka 1962, alikuwa miongoni mwa madaktari waliomfanyia Winston Churchill upasuaji wa nyonga. Hayo ya baadaye yanapendeza kusimuliwa, lakini hayathibitishi lolote. Angeweza kufa wiki ileile kwa kombora lililokuwa likilenga barabara. Kilichofanyika ndani ya kofia ile lazima kipimwe bila kujua mwisho wa hadithi.

Tukipime basi. Ikiwa sababu ya kuwaacha majeruhi ni kwamba vita vinawahitaji wenye manufaa, basi hakuna mtu aliyekuwa na manufaa kuliko daktari mpasuaji. Jeshi linaweza kumfundisha kijana kupiga bunduki kwa miezi michache. Mpasuaji hufundishwa kwa miaka mingi, na katika vita virefu mikono yake hurudisha mamia ya watu kwenye mstari. Anayehesabu kwa uaminifu angempandisha Newman kwenye meli ya kwanza kabisa, mbele ya wapiga mizinga. Kuwaacha maafisa watatu na askari 30 ili wakatekwe pamoja na watu 230 ambao jeshi lilikwisha kuwatoa katika mahesabu ni hasara tupu.

Na bado amri iliyowahesabu wazima na majeruhi ndiyo hiyohiyo iliyoagiza hasara hiyo. Sioni kwamba amri ilijipinga. Naona watu waliokubali kuhesabu hadi mahali fulani, kisha wakakataa kuendelea. Hesabu iliruhusiwa kuamua nani apande. Haikuruhusiwa kuamua kama waliobaki wabaki peke yao.

Wala huo haukuwa wema wa siku moja tu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao Uingereza na Ujerumani zote zilikuwa zimeukubali, ulisema kwamba jeshi likilazimika kuwaacha majeruhi wake mikononi mwa adui, liwaachie sehemu ya matabibu wake na vifaa vya tiba, kwa kadiri hali ya kijeshi inavyoruhusu. Maneno kama hayo yalikuwemo tayari katika mkataba wa mwaka 1906, na yamo mpaka leo katika mkataba wa kwanza kati ya ile ya mwaka 1949. Mkataba huo wa 1949 umeongeza jambo: sababu za kitabibu za dharura ndizo pekee zinazoruhusu mgonjwa mmoja atibiwe kabla ya mwingine. Larrey angetikisa kichwa kwa kukubali.

Mtu anaweza kusema, na atakuwa na hoja, kwamba yale maneno "kwa kadiri hali ya kijeshi inavyoruhusu" ni mlango ambao kila jenerali anaweza kuupitia. Kweli. Hali ya kijeshi huko Dunkirk ilikuwa mbaya kiasi kwamba kama kuna siku mtu angeupitia mlango ule bila kulaumiwa, ni siku ile. Lakini haukupitiwa.

Kiswahili kina maneno mawili yanayonisaidia hapa: kuacha na kutelekeza. Mama akienda sokoni akamwacha mtoto kwa jirani, amemwacha. Akimweka mtoto huyohuyo kando ya jalala alfajiri, amemtelekeza. Kwa mtoto mwenyewe, saa ya kwanza huenda haina tofauti: mama hayupo. Tofauti iko katika kilichoachwa pamoja naye. Kuacha kuna mtu wa kukabidhiwa, kuna neno lililosemwa, kuna jina linalojulikana. Kutelekeza ni kuondoka na kila kitu, pamoja na kumbukumbu.

Ninachoamini ni hiki: zipo hali ambazo hesabu inaweza kuhalalisha kumwacha mtu. Hakuna hesabu inayoweza kuhalalisha kumtelekeza. Gharama ya kutomtelekeza lazima ilipwe na mtu mzima, mwenye miguu, ambaye angeweza kuondoka. Kama mlipaji hayupo, basi tulichokiita uamuzi mgumu kilikuwa kutelekeza kulikopewa jina zuri.

Ipo hoja ya mwanafalsafa wa Marekani, John Taurek, katika insha yake ya mwaka 1977. Aliuliza kama kweli idadi ya watu inapaswa kuwa na uzito tunapochagua nani wa kuokoa. Alisema hakuna mtu anayekufa vifo vitano. Kila mmoja hufa kifo chake, na kwake hicho ndicho kila kitu. Kwa hiyo, ukiwa na dawa ya kumwokoa mmoja au kuwaokoa watano, na huna deni kwa yeyote kati yao, Taurek aliona si vibaya kurusha sarafu, ili kila mmoja apate nafasi sawa ya kuishi. Wanafalsafa wengi walimpinga, na mimi pia nadhani alivuka mpaka. Kapteni wa meli anayerusha sarafu kati ya machela moja na watu wanane waliosimama angeonekana mwendawazimu.

Lakini tazama kilichotokea siku ile. Kwenye ukuta wa bandari, idadi ndiyo iliyoamua. Kule Rosendaël iliamua kura. Kwa nini hawakutumia idadi kote, au kura kote? Nadhani ni kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa mawili tofauti. Kupanda meli lilikuwa jambo la manufaa, na manufaa yanahesabika. Kubaki lilikuwa jambo la wajibu, na wajibu uliokuwa wao wote sawasawa haugawanyiki kwa manufaa. Ukianza kusema "huyu ana ujuzi zaidi, aondoke, huyu ana watoto, aondoke, huyu hana mtu, abaki," utakuwa umeanza kupima thamani ya watu, na atakayebaki atajua kwamba alipimwa akaonekana mwepesi. Kura haimwambii mtu kwamba yeye ni mwepesi. Inamwambia kwamba jambo hili lingeweza kumfikia yeyote, na limemfikia yeye.

Kuna anayeuliza: kwa nini wasingengoja wa kujitolea? Kujitolea ni kuzuri, lakini kuna kasoro moja. Aliyejitolea huwapa wengine usingizi. Huwaruhusu kuamini kwamba kubaki na majeruhi ni tabia ya watu fulani wenye moyo wa pekee, na kwamba wao hawakudaiwa chochote. Kura huwanyima usingizi huo. Kila aliyeondoka Rosendaël siku ile aliondoka akijua kwamba jina lake lilikuwa ndani ya kofia.

Si majina yote yaliyokuwa ndani ya kofia. Lord Gort, kamanda wa jeshi lile, alitaka kubaki hadi mwisho, lakini Churchill alimwamuru aondoke tarehe 31 Mei ili Wajerumani wasipate sifa ya kumteka. Sababu yake inaeleweka. Hata hivyo inabaki kwamba kamanda aliondoka kwa amri, na mpasuaji alibaki kwa bahati. Na majeruhi wenyewe hawakuulizwa. Huenda baadhi yao wangesema, "Waacheni hawa vijana wapande." Watu wa machela wamewahi kusema maneno kama hayo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, wakimaanisha kwamba mwenye shida huhudumiwa bila kungoja aombe. Siku ile methali iligeuka: mgonjwa hakuulizwa kama akubali kukosa uji.

Tarehe 2 Juni lilifanyika jaribio la kuwachukua. Waingereza walitangaza kwa redio, kwa lugha ya wazi ili hata adui asikie, kwamba meli za hospitali zinakuja mchana, na kwamba wanatarajia Mkataba wa Geneva utaheshimiwa. Zikaja mbili, Worthing na Paris, zikiwa na alama ya msalaba mwekundu. Worthing ilishambuliwa na ndege ikarudi. Paris ilishambuliwa ikazama. Wa machela hawakupata meli yao.

Usiku huohuo, saa tano na nusu, Kapteni William Tennant, aliyesimamia upakiaji pale ufukweni, alituma ujumbe mfupi Dover kwamba jeshi la Uingereza limekwisha kuondolewa. Kisha yeye na Jenerali Harold Alexander, aliyeshika nafasi ya Gort, wakapita kwa mashua kando ya fukwe wakiita kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza na Kifaransa, kuuliza kama kuna mtu aliyebaki. Hakuna aliyejibu, wakaondoka. Siwalaumu. Walifanya zaidi ya walivyotakiwa. Lakini kilomita chache kutoka pale walikuwepo watu wa jeshi lilelile ambao hawakuweza kufika ufukweni kujibu. Neno "limeondolewa" lilikuwa na watu ndani yake na lilikuwa na watu nje yake. Waliokuwa nje yake hawakupotea kabisa, kwa sababu palikuwa na watu 33 waliokuwa wakijua majina yao.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Siku mbili baadaye walipigana na kikosi kidogo zaidi cha Paul von Lettow-Vorbeck, kilichokuwa na Wajerumani na askari wa Kiafrika, wakashindwa vibaya. Tarehe 5 walirudi melini kwa haraka kiasi kwamba waliacha bunduki, bunduki za rashasha na marundo ya risasi. Waliacha pia majeruhi wao waliokuwa na hali mbaya. Kisha afisa akatumwa pwani na bendera nyeupe kuzungumza na Wajerumani kuhusu majeruhi hao. Wakakubaliana kwamba watakaoweza kusafiri wapelekwe melini, na maafisa miongoni mwao wakaapa kwamba hawatapigana tena na Wajerumani katika vita hivyo. Hata jeshi lililokimbia kwa aibu lilirudi kuuliza habari za watu wake. Kwa maneno yangu ya awali, liliwaacha. Halikuwatelekeza.

Lakini vita hivyohivyo vilikuwa na watu wengine. Tangu mwaka huo hadi mwisho wa 1918, Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi katika Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu, wabebe unga na risasi mahali ambapo mbung'o waliwamaliza ng'ombe na punda. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, mahali tunapoenda kununua vitenge na simu. Ni mpagazi gani aliyeanguka njiani akaachiwa mtu wa kumpa maji? Nani alirudi na bendera nyeupe kuuliza habari zake? Kutelekeza kunafanana na hivi: mzigo unahamishiwa bega jingine, na safari inaendelea.

Ukiweka Dunkirk na njia ya wapagazi pamoja, unaona kwamba swali halikuwa la umaskini wa vifaa peke yake. Dunkirk nako vifaa havikuwepo. Tofauti ilikuwa kama yule anayeachwa alihesabiwa kuwa mmoja wetu. Aliyehesabiwa hivyo, hata asipopata meli, alipata mtu wa kukaa naye. Asiyehesabiwa hakupata hata mtu wa kuandika jina lake.

Tunaweza kusoma haya yote kama mambo ya vita vya zamani vya watu wengine. Lakini nadhani wengi wetu, tunaosoma magazeti ya mtandaoni tukiwa mijini au nje ya nchi, tuko katikati ya foleni ya aina hiyo sasa hivi. Nyumbani kuna mzee ambaye hawezi tena kuamka peke yake. Watoto ni watano. Wanne wana kazi, visa, shahada ya pili inayosubiri, kiwanja kinachojengwa. Hesabu inasema waondoke, kwa sababu wakiondoka familia nzima itapona: ada zitalipwa, dawa zitanunuliwa. Mimi siipingi hesabu hiyo. Nyumba ambayo watoto wote watano wamebaki kumtazama mama huku hakuna anayeleta hela haimsaidii mama.

Kwa hiyo mmoja anabaki. Kiswahili kina neno kwa kazi yake pia: anamuuguza. Kutibu ni kazi ya daktari na ina mwisho, mgonjwa akipona au akifa. Kuuguza ni kukaa. Ni kugeuza mwili ubavu huu na ubavu ule, kupooza uji, kujua usiku upi ana maumivu ya kweli na usiku upi ana upweke. Ndiyo kazi waliyobaki kuifanya wale 33, na ndiyo inayomtenganisha mgonjwa aliyeachwa na mgonjwa aliyetelekezwa.

Nauliza tu: huyu aliyebaki alibakije? Je, kuna kofia iliyopitishwa? Katika familia nyingi ninazozijua haikupitishwa. Alibaki binti ambaye hajaolewa, au mtoto wa mwisho, au yule ambaye mtihani ulimkataa, na kila mtu akasema kwamba yeye "ana nafasi". Yaani alipimwa, akaonekana mwepesi. Wengine tunatuma pesa kwa simu, pamoja na ya kutolea, tunaandika "poleni na uuguzaji" kwenye kundi la familia, na tunalala vizuri kwa sababu tunaamini kwamba dada ana moyo wa pekee. Tumemfanya kuwa mtu wa kujitolea bila yeye kujitolea.

Sisemi kila mtu arudi nyumbani, kama ambavyo sisemi meli za Dunkirk zingejazwa machela. Nasema kwamba anayeondoka kwa haki lazima jina lake liwe limewahi kuwa ndani ya kofia. Hilo linaweza kuwa na maana nyepesi kabisa: mwezi mmoja wa likizo unaoutumia kuuguza badala ya kutembelea. Kumuuliza aliyebaki angependa kusoma nini, kisha kumwachia yeye mwaka mmoja na kuubeba mwaka huo mwenyewe. Kumuuliza mgonjwa mwenyewe anataka kukaa na nani, swali ambalo hakuna aliyewauliza wa machela. Na kama kweli haiwezekani, basi angalau kukiri mbele ya aliyebaki kwamba alibeba zamu yako, na kwamba hukumzidi kitu ila bahati.

Wale maafisa wa Rosendaël walikuwa na alasiri moja tu ya kupanga zamu yao, na mizinga ikisikika. Sisi wengi tuna miaka. Mzee bado yuko kitandani, dada bado yuko naye, na simu ya kupanga zamu inaweza kupigwa jioni hii.